Nusu ya Kidonge Mbele ya Barieri

Vijana wa chumba namba sita, siku ya kuniaga mlinipa kitenge na saa ya ukutani. Kitenge nimeshashona. Saa nimeitundika sebuleni, na kila asubuhi inanikumbusha kwamba sina tena pa kuwahi. Ila mmoja wenu, yule mrefu anayeandika kila kitu mpaka salamu, alinifuata mlangoni akaniuliza: mama, katika dawa zote za wasiwasi tulizonazo kabatini, iliyo nzuri kuliko zote ni ipi? Nilicheka, nikamwambia nitamwandikia. Najua alidhani namkimbia. Basi leo naandika, na kwa kuwa sijawahi kujibu kitu kwa mstari mmoja, mtanivumilia.

Nitawaeleza nilivyozilinganisha dawa hizo kwa kalamu na daftari, miaka mingi, mpaka nikajiona bingwa. Kisha nitawaeleza habari za Feza, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, na jinsi bingwa huyo alivyokaribia kuua mtu ambaye hata fishi, kadi ya mgonjwa, hakuwa nayo kwetu.

Nilianza kazi nikiwa msichana mwembamba, koti langu jeupe limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Mkubwa wa chumba alikuwa Papa Kashindi, nesi wa zamani, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Aliniangalia juu mpaka chini, akaniambia nivue koti. Nikavua. Akaniambia niende nikakae kwenye benchi pamoja na wagonjwa, wiki nzima, na Jumamosi nimweleze wanaumwa nini. Nililia chooni, kusema kweli. Miaka yote ile ya shule, halafu nakalishwa kwenye foleni!

Lakini benchi lile ndilo lililonifundisha. Pale hakuna aliyesema neno wasiwasi. Mmoja alisema moyo wake unakimbia bila kufukuzwa. Mwingine alisema roho inarukaruka. Wengine walikuwa na kichwa kinachojaa, pumzi inayokuwa fupi, tumbo linalofunguka kila wakienda kanisani. Na walikuwa wanalinganisha dawa kuliko dokta yeyote: ile nyeupe ndogo inakulaza kama mtoto, ile nyingine inakausha kinywa mpaka huwezi kuimba. Mzee mmoja kutoka Katogota alitangaza, na benchi zima likaitikia, kwamba dawa isiyolalisha si dawa, ni chaki. Jumamosi nikampelekea Papa Kashindi karatasi tatu zilizojaa. Alizisoma zote, akanirudishia koti langu.

Aliniambia neno moja ambalo nilikuja kuwaambia na nyinyi. "Mwanangu, kila muntu iko na mulango yake, wasiwasi inaingilia pale. Kwanza uliza mulango, kisha ndiyo ufungue kabati."

Kabati lenyewe lilikuwa na nini siku zile? Diazepamu na amitriptilini, basi. Mtu akija na moyo wake, alipewa mojawapo, na mara nyingi ni ile iliyokuwepo. Zana zetu zilikuwa wembe wa kukatia vidonge, sahani ya kuhesabia, na bahasha ndogo tulizokunja wenyewe kwa karatasi za madaftari ya zamani. Juu ya bahasha tulichora jua au mwezi kwa wasiojua kusoma. Niliwahi kuchora jua lililofanana mno na buibui, mama mmoja akakataa kumeza. Tangu siku ile nilichora nikiwa nimekaa.

Daftari langu nililianza mwaka wa pili. Lilikuwa daftari la shule, jalada la bluu, nikaligawa safu nne. Safu ya kwanza: dawa inaanza lini. Ya pili: inashika wapi. Ya tatu: inamnyang'anya mtu nini. Ya nne: kuiacha kukoje. Niliandika maneno ya wagonjwa wenyewe, sikuyapamba. Papa Kashindi alilipekua siku moja akauliza kwa nini safu ya nne ni tupu. Nikamjibu kwamba hakuna aliyewahi kurudi kunieleza ameiachaje. Akasema nikawatafute. Ikawa tabia yangu: nikikutana na mtu sokoni au kwenye matanga, namuuliza dawa uliiachaje. Mume wangu aliona aibu kutembea nami.

Nawapa muhtasari wa safu hizo, maana najua mtaniomba daftari na sitawapa. Diazepamu inakuja haraka, nusu saa mtu ameshakaa vizuri. Inashika mwili mzima. Inanyang'anya akili nyepesi na kumbukumbu, na wazee inawaangusha. Ukiinywa na pombe, utaitiwa ndugu. Na safu ya nne yake ndiyo ndefu kuliko zote: mtu aliyeizoea miezi, akiiacha ghafla, anatetemeka, halali, wasiwasi unamrudia maradufu, na wengine hupata degedege. Nimeiona kwa macho yangu. Ni dawa yenye adabu mbaya, inapendwa haraka na haitaki kuondoka. Haifai kutukanwa, kwa siku chache inaokoa. Shida ni kwamba huku kwetu siku chache huwa miaka sita.

Amitriptilini inapewa jioni. Inaleta usingizi, inakausha kinywa, inafunga choo, na kwa mzee mwenye shida ya mkojo inaweza kumfunga kabisa. Ikizidi inaua kupitia moyo, kwa hiyo mtu aliyekata tamaa usimpe ya mwezi mzima mkononi. Baadaye ilikuja fluoksetini, kapsuli ya rangi mbili. Benchi liliipokea vibaya. Haikulazi, haikushtui, siku za kwanza inaweza hata kukuongezea mapigo na kichefuchefu, kisha wiki mbili, tatu, nne, mtu anagundua kwamba jana hakuogopa. Watu huiacha siku ya tano na kuiita ya bure. Wanaume wengine huja kunong'ona kwamba inawapunguzia mambo ya nyumbani, na ni kweli, muwaulize kabla hawajanong'ona. Na yenyewe pia haiachwi ghafla, ila haing'ang'anii kama ile nyeupe.

Ya mwisho haikuwa hata kwenye kabati letu, ilikuwa kwa wenye presha: propranololi. Hii nilipoiona ikitumika kwa wasiwasi nilishangaa kama mtoto. Haigusi mawazo, haileti usingizi wa kutajika, inaketisha moyo na kuzuia mikono kutetemeka. Niliwauliza watu wengi inavyokuwa, na jibu bora nililipata kwa Feza, ndiye sasa namleta.

Feza alikuja kwangu miaka michache kabla sijastaafu. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wanne, anaishi Kavimvira na mumewe. Mara tatu kwa wiki alivuka barieri ya mpakani na ndagala kavu kwenda kuuza upande wa Burundi, akarudi na vitunguu. Kwa hiyo barieri ndiyo ilikuwa chungu cha nyumba yake. Na sasa akifika kwenye mstari wa kuvuka, kati ya wabadili pesa na mabegi ya watu, moyo ulianza kukimbia, mikono ikafa ganzi, akaona anakufa palepale. Mara mbili aliangusha beseni. Mara ya tatu akarudi nyumbani kabla ya kufika.

Nilimuuliza lilimtokea jambo gani. Wageni wanaokuja kututembelea hutaka vita viwe sababu ya kila kitu, nasi tunavyo, hatuombi kwa jirani. Lakini Feza alikataa. "Hapana, mama. Siku moja tu, jua kali, mustari murefu. Moyo ikatoka mbio yenyewe. Tangu ile siku minye naogopa itatoka tena." Nikaandika. Ni woga wa kuogopa, na si mdogo kwa sababu haukuanzishwa na risasi.

Kilichonitia shaka ni mfuko wake. Alikuwa na diazepamu za dukani, alizouziwa bila karatasi, mwaka mzima, mbili kwa siku, tatu siku za kuvuka. Aliuza ndagala akiwa amesinzia, watu wakampunja. Tulikaa na dokta, kijana msikivu, tukapanga. Nilitoa wembe wangu. Tulipunguza diazepamu kwa robo ya kidonge, kila wiki mbili, hatukumkimbiza. Tukaanza fluoksetini asubuhi. Siku ya tano Feza akaingia bila kubisha, amekunja uso, akasema nimempa dawa ya kuongeza ugonjwa. Nikamfungulia daftari, nikamsomea watu kumi waliosema hivyo hivyo siku ya tano na walivyosema mwezi uliofuata. Alisikiliza, akaniuliza kama hao watu ni wa kweli. Nikamtajia hadithi zao bila majina. Akarudi nyumbani akiwa bado na hasira, lakini akaendelea kumeza.

Kwa ajili ya barieri yenyewe dokta akaongeza propranololi kidogo, kidonge kimoja saa moja kabla ya kuvuka, siku za kuvuka tu. Nilimuuliza Feza maswali yote ya kitabu. Una asima, ule ugonjwa wa pumu? Hapana. Utotoni? Hapana. Kifua kinakulia filimbi ukikimbia? Hapana. Sukari? Presha kushuka? Mimba? Hapana, hapana, na Mungu apishe mbali. Nikaweka alama kwenye fishi, nikajipongeza. Tena nikaenda naye mwenyewe. Siku ya kwanza tuliishia kwa wauza mkate, tukasimama mpaka moyo ukatulia, tukarudi. Wiki iliyofuata tukafika kwa wabadili pesa. Mmoja akaniuliza kama nauza dola, nikamwambia nauza subira. Wiki ya nne Feza alivuka, akauza, akarudi, akaja moja kwa moja hopitali na beseni lake kichwani.

Nilimuuliza kama kawaida yangu: ilikuwaje? Akatua beseni. "Woga iko, mama. Iko palepale. Lakini haina tena miguu." Niliandika maneno hayo kwa herufi kubwa. Nilifurahi, niseme ukweli, kwa ajili yake na kwa ajili ya daftari langu.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Diazepamu ilikuwa imeshuka hadi robo moja, uso wake ukarudi. Kisha siku moja ya soko, asubuhi, nikaitwa kwenye chumba cha dharura kwa sababu mgonjwa aliyeletwa kwa moto, pikipiki ya abiria, kutoka barieri alikuwa anataja jina langu. Hakuwa anataja kwa kweli, hakuweza. Alikuwa mwanamke kijana amekaa ameinama mbele, mabega yanapanda, midomo imekuwa ya majivu, na kifua kinalia filimbi mpaka koridoni. Aliyekuwa anataja jina langu ni Feza, amesimama mlangoni, amejishika kichwa. Mwanamke yule alikuwa Riziki, wifi yake, dada mdogo wa mumewe. Walivuka pamoja kila wiki.

Wenzangu walikuwa wameshampa salbutamoli ya kufungua kifua, mara moja, mara mbili, na haikuwa inashika kama inavyoshika siku zote. Walishangaa. Nikamgeukia Feza, nikamuuliza wifi yake amekula nini. Akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na nusu ya kidonge cha propranololi, imekatwa kwa meno.

"Nusu," akasema. "Nilimupa nusu tu."

Ee Mungu wangu. Kila mmoja wenu anajua, na kama hujui ujue leo: propranololi kwa mwenye asima inaweza kufunga njia za pumzi, na inaizuia hata dawa inayokuja kuzifungua. Nilimwambia dokta mara moja. Wakaongeza oksijeni, wakaongeza dozi, sindano za msuli na za mshipa, na mimi nikashika mkono wa Riziki nikihesabu pumzi zake kwa sauti, kwa sababu nilikuwa naogopa nikinyamaza atanyamaza naye. Ilichukua mpaka adhuhuri kifua kulegea. Aliishi. Nilipotoka nje nikakaa kwenye lile benchi.

Kosa lilikuwa la nani? Huku kwetu mtu akitia kitu kinywani mbele ya mwenzake bila kumegea, anaitwa mchoyo, na mchoyo na mlozi ni majirani wa ukuta mmoja. Wale wawili walikuwa wakimega mhogo mmoja, wakinywea kikombe kimoja, wakibebana mabeseni. Feza angemezaje dawa nzuri peke yake? Mimi ni mtoto wa hapa hapa, nimemegewa na nimemega tangu nina meno, na nilikaa mbele ya Feza nikauliza habari za kifua chake kana kwamba anakula peke yake. Swali la nani mwingine ataimeza halikuwemo kwenye kitabu, na mimi sikulitia. Andikeni hilo kwenye fishi zenu, chini ya lile la asima: nani mwingine nyumbani, sokoni, kwenye kwaya, ataonja dawa hii? Sikuliuliza, na kosa ni langu.

Lakini aliyelipa ni Feza. Riziki aliporudishwa kwa mama yake, kijijini Nyakabere, kupumzika, habari zilikuwa zimefika kabla yake: mke wa kaka amempa wifi yake kitu kwa mkono, barabarani, na wifi ameanguka. Mnajua neno lililofuata. Karuho. Sumu ya kulishwa, ile ambayo kila mtu huku anaiogopa na hakuna aliyewahi kunionyesha. Mama mkwe akasema amewahi kumwona Feza akificha vidonge ndani ya kitenge, na hilo lilikuwa kweli, alikuwa anaificha aibu ya kuitwa mgonjwa wa kichwa. Mumewe akanyamaza, kunyamaza kwa mtoto wa mama. Watoto wakachukuliwa Nyakabere, Feza akaambiwa arudi kwao mpaka ukoo ukae kikao. Na pale kijijini vijana wawili watatu walianza kutaja tairi na petroli. Niliposikia hilo sikula siku hiyo.

Feza alikuja kuniaga. Alikuwa ametupa dawa zote ziwani, hata fluoksetini, hata robo ile ya mwisho, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nikamrudishia robo kwanza, hilo halikuwa jambo la kujadili. Kisha nikamuuliza kama ananiruhusu niende Nyakabere nikaseme yote: ugonjwa wake, dawa zake, kila kitu. Siri ni yake, si yangu. Akasema, "Sema yote, mama. Minye nataka batoto bangu." Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema, lakini ni rahisi kusema ukiwa huna cha kuficha.

Ukoo ulikaa Jumapili baada ya ibada. Nilikwenda na Feza kwa moto mbili, nimevaa koti langu jeupe na nimechukua boksi la propranololi. Walikuwa watu kama ishirini uani, wazee kwenye viti, wengine kwenye mikeka, Riziki amefunikwa shuka kando ya mama yake, hatazami mtu. Ninyi mnanijua: naweza kukemea dokta, lakini kusimama mbele ya ukumbi sauti yangu hutetemeka kama ya mtoto anayesoma risala. Nilieleza. Nilisema ugonjwa, nilisema dawa, nilisema kosa ni langu. Sauti ilitetemeka, na nikaona wazi kwamba mtetemo ule wanausoma kama uongo.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mkulima wa mpunga, mikono mikubwa. Hakupandisha sauti. "Muganga, huku kwetu mwenye kuleta pombe anaonja wa kwanza. Kama hii haiko sumu, meza mbele yetu."

Msinifuate katika hili, nawaomba. Dawa ya mgonjwa si ya kuonyeshea. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimepima presha yangu, sina asima, na nilijua ninachokimeza. Nilitoa kidonge kizima, nikakiweka kwenye ulimi ili wote waone, nikakimeza kwa maji yangu. Kisha nikakaa, tukangoja. Watu ishirini wananitazama kama kuku anayetaga.

Na hapo, jamani, udadisi wangu ukanishinda. Nikamwita mume wa Feza aje anishike mkono, nikamwonyesha pa kuweka vidole. Tukahesabu pamoja kwa saa yangu. Moyo ulikuwa juu ya mia, kwa woga. Baada ya muda tukahesabu tena, umeshuka. Mzee mmoja akataka naye ahesabu, kisha shangazi. Ilipokaribia saa nzima, moyo wangu ulikuwa umeketi sabini na kidogo, na ndugu wale walikuwa wanabishana juu ya mapigo yangu kama watu wanaopima samaki. Na mimi nilikuwa nasikiliza ndani yangu. Miaka yote hiyo niliigawa dawa hii na sikuwahi kujua. Woga ulikuwepo. Nilimwogopa mama yule vilevile. Lakini mikono ilikuwa imetulia, na nilipofungua kinywa sauti ilitoka nzima. Feza alikuwa amesema kweli tupu, miguu ilikuwa imeondoka.

Nikaeleza mara ya pili, na safari hii walisikia. Mama mkwe akauliza kama si sumu, kwa nini basi binti yake alikaribia kufa kwa nusu tu. Nikamjibu kwamba karanga hizi sisi tunakula, na kuna mtoto akila midomo inavimba, wala karanga hazikulogwa. Binti yake ana kifua cha asima, na dawa ya moyo wangu ni adui wa kifua chake. Akasema, lakini Feza alimpa. Kwa nini ampe?

Hapo Riziki akaondoa shuka. Pumzi yake ilikuwa bado fupi, alisema kwa vipande. "Mama, hakunipa. Minye nilimuomba. Alikatala mara mbili, nikamwambia iko muchoyo." Akapumzika. "Na minye naogopa barieri. Tangu mwaka jana. Nilinyamaza, nani ataoa mwanamuke wa dawa ya kichwa?"

Wiki mbili nzima Riziki alikuwa amelala pale, amesikia jina la wifi yake likivutwa kwenye tairi na petroli, naye amenyamaza. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Mumewe Feza alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Feza alisimama kando ya mtungi, mahali alipokuwa amesimama tangu tufike, maana hakuna aliyemwambia akae.

Mama mkwe alimtazama binti yake, kisha akamtazama Feza. Tangu habari zile zianze, hakuna mtu wa ukoo ule aliyekuwa amepokea kitu kutoka mkononi mwake, hata chumvi. Akanyoosha ule mkono wake mkubwa.

"Feza," akasema, "nipe maji."

Feza alichota. Hakuwa amemeza kitu cha kumtuliza siku ile, na mikono yake ilitetemeka mpaka nusu ya kikombe ikamwagika kwenye vumbi. Mama mkwe alingoja kikombe kimfikie. Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa yote.